Wanawake wa Bluu wa Kikosi cha Tatu

Tirana, 3 Februari 2008

Dada Polikseni Trebicka,

Hunijui na mimi sikujui, ila uso wako ninao hapa mezani. Umo kwenye picha ndogo ya kamera, nyeusi na nyeupe, na nyuma yake mume wangu ameandika majina matatu: Aspasi, Ollga, Polikseni. Wanawake watatu wa kiwanda cha sukari, mmesimama bega kwa bega mbele ya picha aliyowachora. Wewe uko katikati na unacheka.

Mume wangu ni marehemu Thimaq Bezhani. Mwaka 1972 Chama kilimtuma kwenu akae miezi mitatu, awachore wafanyakazi. Ulikuwepo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia. Nitakuambia tu ya upande wangu. Picha ilipotundikwa hapo Korçë, kwenye Nyumba ya Utamaduni, Juni 1973, mimi nilikuwa hospitali Tirana na mimba ya binti yetu, nimekatazwa hata kushusha mguu kitandani. Ilikaa ukutani siku tano. Siku ya sita ikashushwa, siku ya saba Thimaq akakamatwa. Alichimba shaba miaka minane kule kaskazini, akarudi, akaajiriwa kupaka rangi milango ya magorofa, akafa mwaka 1989. Siku moja aliniambia: "Kleanthi, nimewahi kupaka picha moja tu maishani, nayo hukuiona."

Sasa sikiliza. Tarehe 16 Mei jumba la sanaa hapa mjini linafungua maonyesho ya picha zilizopigwa marufuku enzi zile. Zimetoka maghalani, zimetoka darini, moja imetoka kwenye banda la kuku, na ukiziona zimepangwa hivyo, dada, unajiuliza tulikuwa na watu wa namna gani nchi hii na tukawafanya nini. Ya Thimaq haipo. Jonida, msichana anayeandaa maonyesho, anataka kutundika fremu tupu mahali pake. Nimemwambia, mwanangu, utupu ninao nyumbani tele, sihitaji kuvaa koti kwenda kuutazama.

Aspasi nimeambiwa amefariki. Ollga yuko Selaniki, nje ya nchi, kwa wanawe na hajibu barua. Umebaki wewe. Naomba mambo mawili tu: uniambie picha ile iliishia wapi, na uniambie ilikuwa na rangi gani.

Wako,
Kleanthi Bezhani


Korçë, 12 Februari 2008

Bi Kleanthi, dada mkubwa,

Barua yako imenikuta na theluji magotini na jiko linalotoa moshi kuliko joto. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Pole sana kwa yote. Mumeo tulimpenda pale kiwandani. Alikuja na viatu vya mjini, siku ya kwanza akateleza kwenye maganda ya viazisukari akaanguka chali, nasi tukamcheka mpaka msimamizi akatutolea macho. Yeye akalala palepale chini akasema, "Msiniinue kwanza, kutokea huku mnaonekana vizuri." Ndivyo alivyokuwa. Wachoraji wengine walikuja wakatupanga kama viti, shika koleo, inua kidevu, tabasamu kwa ajili ya mpango wa miaka mitano. Yeye alikaa kwenye gunia wiki mbili bila kuchora hata mstari, akitutazama tukila.

Umeniuliza rangi. Nyuso zetu zilikuwa bluu. Usishtuke. Tulikuwa zamu ya alfajiri, na taa za ukumbi ule zilikuwa na mwanga wa baridi, na mvuke umejaa, na mtu aliyeamka saa tisa usiku hana rangi nyingine. Aspasi alikuwa bluu ya kwenye kivuli, Ollga ya kijanikijani, mimi bluu ya wazi kama maziwa yaliyotiwa maji. Shingo za kijani. Mikono zambarau mpaka kwenye viwiko, kwa sababu ya maji baridi. Halafu leso yangu, manjano, manjano tupu, hakuna manjano mengine popote pale. Ukingoni mwa leso alipitisha uzi mwekundu mwembamba kama unywele. Ukisimama mbali huuoni, ila ukiuziba kwa kidole picha nzima inapoa.

Nitakuambia na jambo moja la kukupoza moyo. Kwenye upindo wa turubai, upande wa chini, aliandika kwa penseli: "Ya Kleanthi, siku atakayoiona." Nimeona ni haki yako kulijua hilo.

Iliishia wapi? Iliungua, dada. Waliileta kiwandani ikatiwa kwenye tanuri la boila, yenyewe na fremu yake. Niliona kwa macho yangu. Usiitafute, utachosha miguu.

Mimi naishi peke yangu. Mwanangu Vangjel ana duka la vyuma hapo karibu na kiwanda cha bia. Ni mtu wa siasa, mwaka tisini na moja alikuwa mstari wa mbele sanamu ya mtawala wa zamani ilipoangushwa, na mpaka leo akinywa raki mbili huwaambia watu: "Nyumba yetu haikumchongea mtu." Basi namwachia aseme. Nitakutumia siagi na gari la Jumamosi, hiyo ya Tirana ni mafuta ya mashine.

Polikseni


Tirana, 25 Februari 2008

Polikseni mwenzangu,

Siagi imefika, imeliwa, na ni kweli usemayo, tulikuwa tunakula grisi.

Kwa barua yako nimelia kilio kizuri. "Ya Kleanthi, siku atakayoiona." Miaka thelathini na mitano maneno yangu yalikuwa yamekaa mahali na mimi sina habari! Nimemsomea Jonida, akaniomba nimsomee tena sehemu hiyo ya upindo. Hata yeye imemgusa, mtoto wa watu.

Hukuniuliza, lakini nitakuambia mume wangu alikuwa mtu gani baada ya mgodi, maana wewe unaijua nusu yake ya kwanza. Alirudi vidole viwili havikunjiki. Wakampa ndoo ya rangi ya kijani na orodha ya milango. Mwingine angepaka alimradi siku iishe. Yeye alikuwa anachanganya. Kila mlango katika jengo letu ni wa kijani kwa mujibu wa agizo, na hakuna miwili inayofanana. Mlango wa mjane wa ghorofa ya tatu aliutia samawati kidogo, wa yule mpiga kelele wa chini akautia kijivu. Hakumwambia mtu. Niligundua mimi, siku moja nikipanda na maji, na nilipomuuliza akacheka. Kazi ya ualimu nilikuwa nimenyang'anywa, nilikuwa nafua mashuka ya hospitali, mikono imepasuka, nami nikajiona nimeolewa na mfalme.

Sasa nikueleze lililonitibua. Jonida amepata jalada la kesi. Ndani yake kuna karatasi ya radi iliyomkosoa Thimaq, ambayo nilikuwa nikiisikia tu, sijapata kuisoma. Wewe unazikumbuka, zile karatasi kubwa ambazo mtu yeyote aliweza kubandika ukutani kumkosoa mwenzake hadharani. Ilibandikwa mlangoni mwa Nyumba ya Utamaduni siku ya tano. Jonida amenipigia nakala, inasema hivi:

"Wandugu! Sisi wa kikosi cha tatu tunamkosoa mchoraji T. Bezhani. Ametuchora nyuso za bluu, moja ya kivuli, moja ya kijanikijani, moja ya maziwa. Ametupa shingo za kijani na mikono ya zambarau, na leso moja tu ya manjano. Tunauliza: wanawake hawa wanatoka nchi gani? Tunadai aletwe kiwandani, afanye kazi pamoja nasi mwaka mzima, ajifunze rangi yetu. Na picha tukabidhiwe sisi wenyewe, tuihukumu."

Karatasi hiyo ndiyo iliyosomwa mahakamani. Sauti ya tabaka la wafanyakazi! Hakimu alisema hana la kuongeza. Kwa hiyo si Chama peke yake, Polikseni. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mwanamke aliyekaa naye, akala naye mkate, akahesabu rangi zake moja moja kama mwizi anavyohesabu madirisha. Wewe ulikuwa kikosi cha tatu. Unamjua. Nipe jina lake. Sitamfanya kitu, nina miaka sabini, nitamfanya nini? Nataka tu kulijua kabla sijafa, nisije nikamwombea dua kwa bahati mbaya.

Kleanthi


Tirana, 4 Machi 2008

Bi Polikseni, shikamoo.

Mimi ni Jonida Lumani, ninayeandaa maonyesho. Naomba radhi kukuandikia bila Bi Kleanthi kujua.

Nimefanya kazi na picha miaka kumi. Upindo wa turubai hukunjwa nyuma ya mbao na kufunikwa na fremu. Picha ikiwa ukutani, hakuna anayeuona. Anauona aliyeivua picha kwenye fremu yake, na picha iliyotiwa motoni pamoja na fremu haikuvuliwa. Bi Kleanthi kwa furaha yake hakuliwaza hilo, nami sijamwambia.

La pili ni zito zaidi. Karatasi ya radi ina jina chini yake. Nakala niliyompa Bi Kleanthi niliipiga mwenyewe bila jina, kwa sababu ndiyo kanuni yetu: majina ya raia wa kawaida tunayafunika. Hata siku ya maonyesho litakuwa limefunikwa. Kwa hiyo usiwe na hofu, bibi yangu. Ukinyamaza, hakuna atakayejua. Kama picha ipo na ukataka ifike bila jina la aliyeituma, nayo inawezekana. Nitaandika "mkusanyiko binafsi" na nitalala usingizi wangu.

Nakuomba tu usiiache chini ya godoro au popote ilipo. Nimewaona wachoraji wetu kwenye majalada, picha zao zimebaki majina na vipimo. Huyu mmoja nimemsoma kupitia barua yako ya rangi, na sijawahi kusoma maelezo ya picha kama hayo kwa mtaalamu yeyote.

Kwa heshima,
Jonida


Korçë, 29 Machi 2008

Dada Kleanthi,

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara sita na tano zimewasha jiko.

Jina unalolitaka ni langu. Karatasi ya radi niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na nikaibandika mimi. Jonida amenijulisha kwamba naweza kukaa kimya na jina likafunikwa. Ni msichana mwema. Lakini umesema unaogopa kuniombea dua kwa bahati mbaya, na nimeona siwezi kuendelea kupokea barua za mtu namna hiyo nikimtumia siagi.

Sasa nitakuambia ilivyokuwa. Si ili unihurumie. Ni ili uwe na jambo lenyewe mkononi.

Siku ya nne ya maonyesho, mke wa katibu wa Chama alikuja kwangu kuazima sufuria, akasema upepo umegeuka Tirana, wachoraji wanaandamwa vibaya, na Jumatatu mumeo atabandikiwa karatasi kutoka juu. Mimi nikapiga hesabu. Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa hapa alibandikiwa na wafanyakazi kwa ajili ya nywele ndefu. Kwa kuwa kesi ilianza na wafanyakazi, ikaishia kwa wafanyakazi: alipelekwa shambani miezi sita, akarudi amenenepa. Nikasema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Tukimkosoa sisi kwanza, atakuwa wa kwetu. Ataletwa kiwandani, tutampa gunia lake akalie, mwaka utapita. Ndiyo maana niliandika aletwe afanye kazi nasi. Ndiyo maana niliandika picha tukabidhiwe sisi. Nilijiona mjanja, Kleanthi! Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

Na zile rangi nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na uongo tayari. Nilitaka kuandika ubaya wa picha, kila nikitafuta nakuta najua tu ilivyo.

Hawakubandika ya kwao. Hawakuwa na haja. Waliichukua yangu wakaipeleka Tirana, ikarudi na mihuri. Nikaitwa mahakamani niisome kwa sauti. Wewe hukuruhusiwa kuingia, najua, kesi ilikuwa ya mlango uliofungwa. Nilisoma. Thimaq alikuwa amekaa karibu nami kuliko meza hii na dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Waliposema miaka minane nilidhani wamekosea.

Kisha katibu akatuita kiwandani akasema, "Mliomba kuihukumu, haya, ihukumuni," akaniagiza mimi niitie motoni mbele ya kikosi. Mlango wa tanuri ulikuwa mdogo. Nikasema fremu haipiti, lazima ivunjwe. Nikaenda nyuma ya magunia na kisu na shoka. Turubai nikalivua, nikajizungushia kiunoni chini ya koti la kazi, na motoni zikaingia mbao pamoja na gunia kuukuu la katani lililolowa rangi. Katibu alinusa harufu akaridhika. Lakini wanawake kumi na mmoja wa kikosi waliniona nikitoka nyuma ya magunia nimekakamaa kama mjamzito wa mbao. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, siku ile wala miaka ile yote, na wengine walikuwa wanachama, na wengine tuligombana hadi kuvutana nywele. Kama utawachukia watu wa kikosi cha tatu, nichukie mimi, wale waache.

Picha iko hapa. Marehemu mume wangu aliigongomea chini ya meza kubwa ya kulia, uso ukitazama sakafu, juu yake akapigilia ubao mwembamba. Katibu mwenyewe amekula lakrori, pai yetu ya Korçë, juu yake mara tatu, akasifu unga. Kila usafi wa Mwaka Mpya nilikuwa nafungua ule ubao, nalala chali sakafuni na taa, naitazama. Kona moja imepasuka kidogo. Manjano bado ni manjano.

Utaniuliza, na baada ya tisini na moja, hakuna tena wa kukukamata, kwa nini hukusema? Kwa sababu siwezi kusema nusu. Nikisema picha ninayo, wataniuliza niliipataje, na nikisema niliipataje, Vangjel atajua. Yule mtoto amejenga maisha yake juu ya maneno manne, nyumba yetu haikumchongea mtu. Nilimwogopa mwanangu kuliko nilivyomwogopa katibu. Kadiri siku zilivyopita ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Nitampigia Jonida aje aichukue. Na nitamwambia jina asilifunike.

Polikseni Trebicka


Korçë, 21 Aprili 2008

Dada Kleanthi,

Hujajibu, wala sidai. Nakuarifu tu.

Jonida alikuja Alhamisi na gari na vijana wawili wenye glavu nyeupe. Nikawaambia vueni koti mlale chini. Wale wawili wakatazamana. Yeye akalala, na blauzi yake nzuri ya hariri, akafungua ubao, akawasha tochi, akakawia huko chini mpaka nikadhani ameugua. Alipotoka alikuwa na vumbi la mbao kichwa kizima, akanikumbatia hivyohivyo. Akaniambia, "Bibi, ni kubwa kuliko nilivyofikiri." Nikamwambia, vipimo unavyo kwenye jalada. Akasema, "Sizungumzii vipimo."

Vangjel nilimwambia Jumapili, kabla hajasikia kwa watu. Nilimpikia kwanza, ujinga wangu. Aliniuliza mara mbili kama niliisoma mwenyewe mahakamani. Nikamwambia ndiyo. Akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akachukua kofia. Tangu siku hiyo anapita na gari upande mwingine wa barabara. Jirani zangu nao wameanza kunisalimu kwa kifupi.

Meza sasa imekuwa nyepesi, inayumba nikikanda unga.

Sitakuja kwenye ufunguzi. Nakutakia macho mema siku hiyo.

Polikseni


Tirana, 24 Mei 2008

Polikseni,

Barua yako ya Machi niliipasua. Halafu nikaiunga kwa gundi ya karatasi, kwa kuwa kuna mambo ya Thimaq ndani yake. Wiki sita sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika matusi, na matusi yangu si mengi, yaliisha haraka nikabaki na hasira bila maneno. Jonida alikuja kuniuliza kuhusu jina lako: wewe umemruhusu asilifunike, lakini karatasi inamhusu mume wangu, basi kauli ya mwisho ni yangu. Nikamwambia liache. Niliitaka aibu yako, nakwambia kweli. Nilitaka kila mtu Tirana alisome.

Kisha siku mbili kabla ya ufunguzi akanipeleka kuiona.

Sikujua mume wangu alikuwa mkubwa hivyo. Nimeishi naye, nimemfulia, nimemzika, nikadhani namjua. Nimesimama mbele ya ule ukuta, dada, na wanawake wa bluu wananitazama kama wamenisubiri nimalize kufua. Hawabembelezi mtu. Wamechoka na ni wazuri, na uchovu ndio uliowafanya wazuri, na hakuna ndani ya nchi ile yote aliyekuwa na ruhusa ya kuona hivyo. Yeye aliona bila ruhusa. Niliuziba ule uzi mwekundu kwa kidole, mlinzi akanikemea. Ulisema kweli, picha nzima inapoa. Jonida akanisomea upindo. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi.

Nikakumbuka sheria ya zile karatasi. Aliyebandikiwa alikuwa na siku tatu za kujibu, kwa karatasi yake mwenyewe, ukuta uleule. Thimaq walimchukua siku ya pili baada ya kubandikiwa. Hakujibu kamwe. Basi nikamwambia Jonida anipe karatasi kubwa na kalamu nene, na jibu lake nimelibandika mimi, chini ya yako, kwa mwandiko wangu wa ualimu. Nakunakilia:

"JIBU. Kwa Polikseni Trebicka, kikosi cha tatu.

Mimi ni mke wa aliyekosolewa. Kwa karatasi hiyo hapo juu mume wangu alifungwa miaka minane na binti yetu alijifunza kutembea bila baba. Hilo lisomwe kwanza, na hakuna alama ya kulifuta.

La pili, mume wangu aliulizwa mbele yangu mwaka 1984, na rafiki yake, kama anamchukia aliyeiandika. Alikuwa anapaka mlango. Alijibu: 'Katibu alizungumza juu ya picha yangu, hakimu alizungumza, wachoraji wenzangu walizungumza. Huyo mwanamke peke yake ndiye aliyeitazama.' Jina lake hakulitaja kwangu mpaka anakufa. Sasa najua kwamba alikuwa anamlinda.

La tatu, mnaiona picha hii kwa sababu mtu huyohuyo aliivaa mwilini mbele ya Chama. Anayetaka kumtupia mawe apitie kwangu kwanza. Nimekaa hapa kila siku kuanzia saa nne asubuhi.

Kleanthi Bezhani"

Na kweli nakaa. Wameniletea kiti changu mwenyewe. Watu wanasoma karatasi yako, wananuna, wanasoma yangu, wanageuka wanaitazama picha upya. Wananiuliza, "Ni yeye huyo wa katikati?" Nawaambia ni yeye. "Ni yeye aliyeandika?" Ni yeye. "Ni yeye aliyeficha?" Watu hawapendi hivyo, wanapenda mmoja awe mwema na mwingine mbaya ili wawahi basi. Mimi nawaambia kaeni, tazameni, mimi mwenyewe nimetumia wiki sita.

Usifikiri nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe, wala sijui itakuja lini. Najua tu kwamba nikikaa pale nakusema vizuri kuliko ninavyokusema nikiwa nyumbani.

Ila hilo silo lililonifanya nikae kuandika leo. Jana saa nane alikuja mwanaume mnene, mikono ya mtu wa vyuma, ameshika kofia. Alisoma karatasi yako. Akasoma ya kwangu. Akarudi kwenye yako. Alisimama pale mpaka shule nzima ya wasichana imeingia na kutoka. Mwisho wakaja mume na mke, watu wa suti, wakasoma mstari wa kwanza tu, na yule bwana akasema kwa sauti, "Tazama jinsi hawa walivyokuwa. Mchongezi mkubwa huyu." Mimi nilikuwa nainuka kwenye kiti, na magoti yangu ni ya miaka sabini. Sikuwahi.

Yule mnene alimgeukia akasema, ukumbi mzima ukasikia: "Huyo ni mama yangu. Soma mpaka chini."

Kleanthi